Rangi ya Kisukuku: Mwongozo Kamili wa Kutofautisha Halisi na Bandia

Mfupa unapofukiwa huwa mweupe au wa rangi ya maziwa. Ukifukuliwa baada ya miaka milioni kadhaa unaweza kuwa mweusi, wa kijivu, wa kahawia, mwekundu wa ngeu, hata wa samawati. Rangi hiyo haitoki kwa mnyama, inatoka kwenye ardhi iliyomfunika. Maji yanayopenya kwenye mashapo hubeba madini, na madini hayo huingia polepole kwenye vitundu vya mfupa, jino au gamba, huku mengine yakichukua nafasi ya kile kilichooza. Kwa hiyo rangi ya kisukuku halisi, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini, imeingia ndani, na rangi ya bandia, mara nyingi, imepakwa juu. Hatua zote zilizo hapa chini zinajibu swali hilo moja: imeingia, au imepakwa?

Tuanze na mfano wa kwetu. Mwaka 1985, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, mtafiti Alan Walker aligundua fuvu la jamaa wa kale wa binadamu lenye umri wa miaka milioni 2.5 hivi. Namba yake ya makumbusho ni KNM-WT 17000, lakini wengi wanalijua kwa jina la Fuvu Jeusi, kwa sababu madini ya manganizi yaliyokuwa kwenye mashapo yalilipa weusi wenye kuelekea samawati. Mtu asiyejua angelikuta mezani sokoni angeapa kwamba limepigwa rangi ya viatu. Rangi ya kushangaza si ushahidi wa ulaghai, na rangi inayoonekana ya kizamani si ushahidi wa ukweli. Wanunuzi wengi wanaotapeliwa wamesahau hilo la pili: wameona kahawia, wakaamini umri.

Rangi zinatoka wapi

Oksidi za chuma, yaani ndugu wa kutu, hutoa wekundu, rangi ya machungwa, manjano na kahawia. Manganizi hutoa weusi na samawati ya kiza. Pairaiti, ambayo ni chuma na salfa, hutoa mng'ao wa dhahabu. Silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, inaweza kutoa karibu rangi yoyote kutegemea uchafu uliomo, na pale inapokuwa opali, kama kwenye visukuku vya Lightning Ridge huko Australia, rangi hucheza unapokigeuza.

Rangi haipimi umri. Meno ya papa aina ya megalodoni yanayookotwa kwenye mito ya South Carolina, Marekani, mara nyingi ni meusi au ya kijivu cha kiza, na megalodoni alitoweka miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Meno ya papa wa tabaka za fosfeti za Khouribga, Moroko, yana umri mkubwa zaidi sana, lakini mengi ni ya rangi ya krimu na asali. Muuzaji akikuambia "tazama lilivyo jeusi, ni la zamani sana," ujue hajui anachouza, au anajua na anakupima wewe.

Hatua ya 1: Andaa vifaa

Huhitaji maabara. Tafuta lenzi ya mkono inayokuza mara 10, ile ya masonara. Chukua tochi ndogo yenye mwanga mweupe, tochi ya miale ya urujuanimno, yaani UV (ya nanomita 365 ni bora kuliko ile ya bei rahisi inayotoa mwanga wa zambarau), pamba za kusafishia masikio, maji safi, na chupa ndogo ya asetoni, ambayo hupatikana madukani kama dawa ya kutoa rangi ya kucha. Hakikisha lebo inasema ni asetoni kweli, kwa kuwa nyingine hazina. Asetoni huwaka moto upesi na mvuke wake unaumiza, kwa hiyo tumia penye hewa na mbali na jiko.

Hatua ya 2: Kitoe nje

Taa za dukani zenye mwanga wa manjano hufanya rangi zote zifanane. Kipeleke kisukuku mlangoni, kwenye mwanga wa mchana usio wa jua kali la moja kwa moja, kisha kigeuze polepole. Unatafuta tofauti. Kisukuku halisi karibu kamwe hakina rangi moja tupu. Sehemu iliyokuwa ngumu ilipokea madini tofauti na sehemu yenye vitundu: enameli ya jino huwa nyororo na yenye kung'aa, mzizi wake huwa mkavu na wa rangi nyingine. Upande uliolala chini unaweza kuwa na madoa ambayo upande wa juu hauna. Ukiona rangi imetulia sawasawa kuanzia ncha hadi shina, pamoja na mng'ao uleule kila mahali, weka alama ya kuuliza.

Kama unanunua mtandaoni, omba picha zilizopigwa nje mchana, za pande zote, pamoja na upande wa nyuma na mahali palipomeguka. Muuzaji mwaminifu atazituma. Picha moja tu, ya upande mmoja, kwenye kitambaa cheusi, haitoshi kukufanya utoe pesa.

Hatua ya 3: Linganisha rangi na mahali

Uliza kilitoka wapi. "Afrika" au "jangwani" si jibu. Ukishapata jina la eneo, tafuta picha za vielelezo vya eneo hilo katika makumbusho na uone rangi zinavyotembea huko. Kwa kuwa sehemu kubwa ya visukuku vya bei nafuu duniani hutoka Moroko, ni vizuri kuwa na picha hii kichwani.

Khouribga ni eneo la migodi ya fosfeti, lenye tabaka za mwisho wa zama za dinosauri na kidogo baada yake. Huko meno ya mosasauri, yule mjusi mkubwa wa baharini, huwa na taji la kahawia ya karameli hadi kahawia ya kiza, mara nyingi lenye michirizi ya rangi hafifu, na mzizi wa krimu wenye vitundu. Jiwe lenyewe ni la manjano hafifu, limejaa vipande vya mifupa ya samaki na vijiwe vya fosfeti. Akikuuzia mtu "megalodoni wa fosfeti ya Khouribga", hapo umri haulingani kabisa, kwa sababu tabaka hizo zilifanyika mamilioni ya miaka kabla papa huyo hajatokea.

Kem Kem, kusini mashariki mwa nchi hiyohiyo, ina mchanga mwekundu wa miaka milioni 95 hadi 100 hivi. Meno ya dinosauri aitwaye Spinosaurus ya huko huwa na wekundu, kahawia na rangi ya ngozi, na mchanga ulioganda juu yake huwa mwekundu pia. Maeneo ya Erfoud na Alnif yanajulikana kwa trilobaiti, kiumbe wa kale wa baharini mwenye gamba la pingilipingili, na huko mara nyingi kiumbe huwa mweusi au kijivu cha kiza ndani ya jiwe la chokaa lenye rangi ya kijivu au hudhurungi.

Rangi isiyolingana na eneo haimaanishi lazima ni bandia. Huenda muuzaji amekosea eneo tu. Lakini bei isimame hapo hadi apate maelezo.

Hatua ya 4: Ifuate rangi mpaka inapokoma

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Tafuta mahali palipomeguka, palipochubuka au penye ufa, kisha utazame rangi inaingia umbali gani. Katika kisukuku halisi huingia ndani, hata kama inabadilika kidogo kidogo kuelekea katikati. Katika mfupa uliotiwa rangi, chini ya ngozi nyembamba utakuta weupe.

Kisa kikubwa kuliko vyote vya ulaghai wa aina hii ni cha Piltdown, kijiji cha Uingereza. Mwaka 1912 Charles Dawson, wakili wa Sussex, Uingereza, alileta vipande vya fuvu na taya alivyosema vimetoka kwenye shimo la changarawe. Vyote vilikuwa na kahawia yenye wekundu inayofanana na changarawe ile, na kufanana huko ndiko kulikowatuliza wataalamu. Vilipewa nafasi katika ukoo wa binadamu kwa miaka 41. Mwaka 1953 watafiti Kenneth Oakley, Joseph Weiner na Wilfrid Le Gros Clark walionyesha kwamba taya lilikuwa la nyani mkubwa wa siku hizi (orangutangu, kama ilivyothibitishwa baadaye), meno yalikuwa yamepigwa tupa, na mifupa ilikuwa imeloweshwa kwenye kemikali za chuma na kromiamu ili ipate rangi. Chonge moja ilikuwa imepakwa rangi ya kahawia ya wachoraji. Lilipotobolewa, taya lilitoa unga wa mfupa wa juzi, mweupe chini ya utando mwembamba wa rangi. Tundu dogo kama lile, likitobolewa mapema, lingeokoa miaka mingi ya kusomesha watu uongo, na hasa lingewaachia nafasi waliokuwa wakileta visukuku vya kweli kutoka Afrika, ambavyo vilitiliwa shaka kwa kuwa havikufanana na Piltdown.

Wewe hutatoboa kitu cha dukani. Lakini chini ya shina la jino, ukingoni mwa mfupa uliovunjika, au ndani ya tundu la asili, lenzi na tochi vitakuonyesha kilekile.

Hatua ya 5: Tumia lenzi

Sogeza lenzi karibu na jicho, kisha ulete kisukuku kwenye lenzi. Dalili za kukutia wasiwasi ni hizi: viputo vidogo vya duara, maana jiwe halina viputo lakini resini (aina ya plastiki) iliyomiminwa kwenye kalibu inavyo, nyuzi za brashi, rangi iliyojaa kwenye mitaro na kukosekana kwenye matuta, na chembe za mchanga zinazoogelea ndani ya gundi inayong'aa badala ya kugusana.

Chunguza pia mpaka kati ya kisukuku na jiwe. Mishipa myeupe ya kalsaiti, madini ya chokaa, katika jiwe halisi hupita moja kwa moja, ikikata jiwe na kiumbe bila kujali. Mshipa ukifika ukingoni mwa kiumbe ukakoma ghafla, kiumbe huyo ameletwa hapo baadaye.

Hatua ya 6: Maji kwanza, asetoni baadaye

Omba ruhusa ya mwenye kitu. Chagua sehemu isiyoonekana sana. Sugua taratibu kwa pamba yenye maji. Pamba ikitoka na wekundu wa vumbi, usishtuke, kwa maana oksidi ya chuma ya asili huchafua hivyo. Rudia na pamba mpya mpaka maji yatoke safi, kisha ndipo utumie pamba yenye asetoni mahali palepale. Ikitoka na rangi nyeusi au kahawia ya kunata, kuna kupaka. Ikitoka na unato usio na rangi, hilo si kosa peke yake: hata makumbusho huimarisha mifupa dhaifu kwa plastiki laini inayoyeyuka kwenye asetoni. Kinachohukumiwa ni rangi.

Hatua ya 7: Miale ya urujuanimno

Ingia chumba chenye giza na usiitazame tochi moja kwa moja. Gundi nyingi na vijazio vya kisasa hung'aa samawati nyeupe. Tatizo ni kwamba kalsaiti nayo inaweza kung'aa, na mifupa ya maeneo fulani vilevile. Kwa hiyo usitafute mng'ao wenyewe, tafuta mipaka yake. Kama nusu ya jino inang'aa na nusu haing'ai, na mstari kati yao haufuati umbo lolote la jino, hapo vitu viwili vimeunganishwa.

Trilobaiti, meno na amonaiti

Trilobaiti ndiye anayeghushiwa kwa bidii. Jiwe hupasuliwa ili kumpata, kwa hiyo mara nyingi ufa hupita katikati ya mwili wake na huonekana umeunganishwa kwa gundi. Trilobaiti mkubwa, mweusi ti, asiye na ufa wowote, mwenye mng'ao mmoja kutoka kichwani hadi mkiani, kwa bei ndogo, karibu hakika ni resini au kijazio cha magari kilichopakwa rangi. Wa kweli ana gamba la kalsaiti, na chini ya lenzi utaona weusi wake una vivuli, na mahali pengine gamba limebanduka na kuacha rangi hafifu ya jiwe la ndani.

Kwenye meno ya mosasauri, taji mara nyingi ni halisi na uongo uko kwenye mzizi au kwenye taya zima. Fundi huchukua meno yaliyookotwa mojamoja, akayapanga kwenye unga wa mchanga na gundi, akauza kama taya. Rangi humsaliti: jiwe halisi la Khouribga limejaa vipande vya rangi tofauti, wakati lile la kutengenezwa lina rangi moja ya mchanga kila upande, na linaingia hadi kwenye nyufa za mizizi.

Amonaiti ni jamaa wa kale wa pweza mwenye gamba la kujiviringisha. Wale wa Madagaska, hasa Cleoniceras wa miaka milioni 110 hivi, huwa na lulumizi, yaani utando kama wa lulu, inayometa wekundu na kijani. Mmeto huo ni wa kweli: hutokana na tabaka nyembamba sana za aragonaiti, madini ya gamba lenyewe, na hubadilika rangi unapougeuza. Palipobanduka utaona mistari yenye kujikunja mithili ya kingo za majani, ambayo ni mipaka ya vyumba vya ndani. Rangi ya lulu ya chupa humeta kwa namna moja tu na hujaza mistari hiyo badala ya kuifichua. Pia angalia "majani" meusi yenye matawi juu ya mawe ya chokaa, yanayouzwa kama mimea ya kale. Mengi ni manganizi iliyopenya kwenye ufa na kutawanyika. Hayana mshipa wa jani wala bua, ni weusi tu. Hapo hakuna aliyepaka rangi, lakini si kisukuku.

Kaharabu na sandarusi

Hapa pwani yetu inaingia moja kwa moja. Karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa Mrima, mkabala na Unguja, ilisafirishwa hadi Salem, Marekani, kutengenezea vanishi. Ni utomvu wa msandarusi, na nyingine ina wadudu ndani. Mahali pa sandarusi katika biashara ya leo ni pa hatari: huuzwa kama kaharabu, ambayo ni utomvu wa zamani zaidi sana. Kaharabu ya Baltiki ina miaka milioni 40 hivi, sandarusi huweza kuwa ya mamia au maelfu ya miaka tu.

Kwa macho, sandarusi huwa manjano hafifu ya limau, angavu mno, na uso wake hupata nyufa ndogondogo. Kaharabu huelekea asali, konyaki, kahawia, au manjano mazito yenye ukungu. Kijani kibichi na angavu kitie shaka kwanza, kwa sababu nyingi ya hiyo imepikwa kwa joto na shinikizo, na nyingine ilikuwa sandarusi. Kwa wenye tasbihi za Ghuba na Uarabuni: nyekundu ya cheri iliyo sawasawa punje zote kwa kawaida ni plastiki ya zamani aina ya bakelaiti. Inaweza kuwa na thamani yake kama kitu cha zamani, ila si kaharabu. Hali ni ileile kwa shanga kubwa za manjano zinazovaliwa sehemu nyingi za Afrika kwa jina la kaharabu.

Kuhakikisha, koroga vijiko vikubwa 3 vya chumvi katika glasi ya maji ya mililita 250 mpaka iyeyuke yote. Kaharabu na sandarusi huelea, bakelaiti na resini nyingi huzama. Kisha tone la asetoni mahali pa siri: likikauka, gusa. Sandarusi hunata, kaharabu hubaki kavu. Chini ya urujuanimno kaharabu kwa kawaida hung'aa samawati au kijani hafifu, sandarusi hung'aa kidogo tu. Na mdudu mkubwa, mzima, aliyetandaza mabawa katikati kabisa ya kipande angavu, anahitaji ushahidi zaidi kuliko mbu aliyejikunja pembeni.

Kukarabati si kughushi

Kisukuku kilichovunjika kikaunganishwa bado ni halisi, mradi muuzaji aseme ni sehemu ipi. Kipimo changu ni rahisi: muulize, "Kipande gani si cha asili?" Mtu anayejua bidhaa yake atakuonyesha kwa kidole bila kusita na kukupunguzia bei. Anayejibu kwamba kila kitu ni asilimia mia, kwa kisukuku cha ukubwa wa sahani, amekupa jibu la kutosha.

Sheria, na ukiokota mwenyewe

Visukuku vya Tanzania vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na vya Kenya na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Mtu akikuuzia mfupa wa Olduvai, wa Turkana au wa Tendaguru kule Lindi, ama ni bandia ama umeibwa, na katika hali zote mbili usiununue. Brazil, China na Mongolia nazo zinakataza visukuku vyao kuuzwa nje.

Ukikutana na mfupa wa rangi isiyo ya kawaida ukitokeza kwenye korongo baada ya mvua, usiung'oe na usiuoshe. Udongo ulioshikamana nao, na rangi yake ikilinganishwa na rangi ya tabaka ulimotoka, ndivyo vitakavyomwambia mtaalamu ulitoka wapi. Piga picha ukiwa umeweka kalamu au sarafu kando yake kuonyesha ukubwa, piga nyingine ya mbali inayoonyesha korongo zima, weka alama ya mahali kwenye simu, kisha toa taarifa kwenye makumbusho ya taifa au ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu.